Kiraka cha Mzee Khoo

Mashine za majaribio zilikuwa zimezimia zote. Taa zake zilikuwa zikiwaka na feni zikivuma, lakini hakuna hata moja iliyoitika kitufe kilipobonyezwa. Ruhaiza alisimama mbele ya rafu asubuhi ile ya Jumanne, kikombe cha kahawa mkononi, akahisi furaha ambayo muungwana angeionea haya. Kiraka kilichoziua, kipande kidogo cha msimbo wa kurekebisha mfumo, hakikuwa chake. Kilikuwa cha Khoo Teik Huat.

Pale ofisini kwao Bayan Lepas, mji wa viwanda, walikuwa wakitengeneza kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayoitawala kompyuta, ili kikubaliane na chipu mpya. Ruhaiza alipewa mfuatiliaji, programu inayojificha ndani ya kiini na kuandika kila kazi ya kompyuta inapoitwa. Mfuatiliaji wa zamani aliandika tu kwamba kazi fulani imeanza. Ruhaiza, kwa miaka miwili, alikuwa akimfundisha kuandika pia kazi hiyo imeingia na nini na imetoka na nini. Ilikuwa kazi nzuri, naye alijua ni nzuri. Lakini bila idhini ya Khoo, msimamizi wa sehemu hiyo, haikuwa na pa kuingia, na wakubwa walikwishasema wazi kwamba isipoingia msimu huu, mradi utafungwa na yeye atafute pengine.

Watu wa kiini wana desturi yao. Hawasemi kosa la mtu pembeni. Hulisema kwenye orodha ya barua pepe ambayo dunia nzima huisoma, na kilichoandikwa pale hakifutiki. Khoo alikaa meza tatu kutoka kwa Ruhaiza. Angeweza kugeuza kiti tu. Badala yake alimwandikia mbele ya watu wa Prague na Bangalore, na mara ya kwanza kabisa, Ruhaiza aliposahau alama moja ndogo, aliandika: "Anayesahau alama hii asipewe kibodi, apewe ufagio." Sentensi hiyo ilikuwa imekwisha kuchekwa nchi za watu kabla Ruhaiza hajavua kofia yake ya pikipiki.

Siku hizi za karibuni ndipo alipozidi. Toleo la tatu alimwamuru aigawe kazi vipande vipande. Ruhaiza akaigawa. La nne, akauliza kwa kejeli ni nani aliyemshauri kuigawa, akamwamuru aiunganishe. Akaiunganisha. La tano, aigawe tena. Ruhaiza alikwenda msalani akalia, akanawa uso, akarudi kuigawa. Alimchukia mzee yule kwa chuki safi, isiyo na hata chembe ya huruma.

Sasa aliketi akakisoma kiraka cha mzee mstari kwa mstari. Kosa halikumchukua muda. Ile kazi ndogo inayoandika kumbukumbu nayo ilikuwa ikifuatiliwa. Ikiandika, inaandikwa kwamba imeandika, kisha inaandikwa kwamba imeandika hilo, hivyo hivyo bila kikomo, mpaka kiini kinakosa nafasi ya kupumua. Dawa yake ni alama moja inayowekwa juu ya kazi kama hiyo, kumwambia mfuatiliaji: hii usiiguse. Ilikuwa ile ile alama ya ufagio.

Jeyaseelan, jirani yake wa meza, aliinamia skrini akapiga mluzi.

"Lo! Mzee kajikaanga mwenyewe."

"Na mafuta kaleta mwenyewe," Ruhaiza akasema.

"Nenda kamnong'oneze basi, dada. Atume kiraka kingine, yaishe. Mtu mzima yule."

"Mimi alininong'oneza lini, Jeya?"

"Hajakunong'oneza. Lakini jana si nilimwona hapa kwako?"

Ni kweli alikuja. Alisimama nyuma ya kiti chake, akishikashika kalamu, akasema, "Nimeandika kitu. Kitazame kabla sijakituma." Ruhaiza hakugeuka. Alimjibu, "Kitume kwenye orodha, bosi. Nitakiona huko pamoja na wenzangu." Mzee akaenda zake.

"Alikuja kunitambia," alimwambia Jeyaseelan, akaanza kuandika.

Aliandika kwa adabu iliyonolewa. Alieleza mashine zilivyokufa, akaonyesha mstari, akataja alama iliyokosekana. Chini kabisa akainukuu sentensi ya ufagio, na tarehe yake. Akabonyeza, akaenda kula wali wa mchuzi uitwao nasi kandar, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa mfungo akaomba aongezewe mchuzi.

Aliporudi, orodha ilikuwa inachemka. Waliokuwa wakimwogopa Khoo miaka yote wakapata ulimi. Mmoja alizipanga amri zake za gawa, unganisha, gawa, akauliza kama msimamizi huwa anasoma anachokiandika. Mwingine akamtakia usingizi mwema. Kabla wiki haijaisha kazi ya Ruhaiza ilikubaliwa yote, na mahali palipoandikwa jina la msimamizi, jina la Khoo lilifutwa likaandikwa lake. Wenzake wakamnunulia keki. Aliila, na ilikuwa tamu.

Ijumaa mzee alikuja kuchukua vitu vyake, ameshikwa mkono na mkewe. Shati lake lilifungwa vifungo vizuri mno, kama vya mtoto anayepelekwa shule. Mke alimwacha mlangoni akamwendea Ruhaiza.

"Wewe ndiye Ruhaiza?"

"Ndiye mimi, mama."

"Daktari alituambia mwezi wa tano kwamba anaanza kusahau. Nikamsihi aache kazi, akakataa. Alitaka amalize kiraka kimoja tu, aage kwa heshima." Mama alisema taratibu, bila ukali. "Nikamwambia, na ukikosea? Akasema hapana, kuna msichana ana jicho kali, huyo hapitwi na kitu. Nitampa akitazame kwanza."

Ruhaiza alitamani mama yule amtukane.

Khoo alikuwa amekwishafika mezani. Alitazama skrini, akamtazama Ruhaiza, na uso wake ukakunjuka kwa tabasamu ambalo pale ofisini hakuna aliyewahi kuliona.

"Wewe mgeni hapa?"

Ruhaiza alimtazama mama. Mama alikuwa ametazama dirishani.

"Ndiyo," akasema. "Mgeni."

"Unajifunza kufuatilia! Vizuri sana. Wengi hukimbia." Akavuta kiti, akaketi kwa uangalifu, akaanza kumweleza kiini toka mwanzo, polepole, akirudia pale alipodhani hakueleweka. Alikuwa mwalimu mzuri ajabu. Ruhaiza aliitikia kila neno.

"Na kule kwenye orodha," mzee akasema, akipunguza sauti, "wasikutishe. Kuna mmoja ana mdomo mchafu huyo, atakuliza. Wewe usimjibu." Akasita, akakunja uso. "Sijui kama bado yupo."

"Hayupo," Ruhaiza akasema. "Wamemtoa."

"Afadhali," mzee akasema, akamsogezea kibodi. "Haya, andika, nikuone."