Kumngoja Mama Gundi

Chombo changu kilikuwa kimebakiwa na asilimia tisa ya bodi, na nilikuwa mbali na kituo chochote. Asilimia tisa maana yake ni hii: ukisogelea jua kupita kiasi, ukigusa jiwe, ukitua vibaya mara moja, chombo kinapasuka na kila nyota uliyoipima tangu uondoke inafutika. Hakuna rufaa. Unajikuta kituoni ulikoanzia, mikono mitupu, kama mtu aliyeota kwamba amesafiri.

Ni mchezo wa kompyuta, nisikufiche. Mchezo wa kuendesha vyombo vya anga. Wengine humo wanapigana, wengine wanabeba mizigo. Mimi mizigo nimeibeba vya kutosha, kwa hiyo nilichagua kwenda mbali. Unaruka kutoka nyota hadi nyota, unapima sayari zake, unaendelea. Ukifika kwenye nyota ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuifikia, halafu ukarudi salama na vipimo vyako, ramani ya wachezaji wote inaandika kwamba nyota hiyo imegunduliwa na fulani. Jina linakaa hapo. Lakini sharti urudi. Usiporudi, hukwenda.

Nililitaka jina langu huko. Sioni haja ya kulipamba jambo hili. Nimeendesha trela tangu sijaota ndevu. Nimevusha saruji, mbolea, vitanda vya hospitali, hata jeneza moja lililosahauliwa na wenyewe. Hakuna jiwe la barabarani lenye jina langu. Kisha daktari akaniambia nina presha ya macho, na kwamba naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mimi nilijiona naona sawa tu. Huo ndio ubaya wa ugonjwa huo, hauumi, unakula pembeni taratibu kama panya kwenye gunia. Leseni ikachukuliwa. Nikapewa matone ya kutia asubuhi na jioni, nikarudi nyumbani kukaa.

Mtu aliyezoea kuondoka hajui kukaa. Nilimchosha mke wangu kwa maswali. Yeye anafua mashuka ya hospitali, anasimama kwenye mashine kutwa, akirudi anakuta mume mlangoni anauliza kwa nini amechelewa. Ndipo mdogo wake, fundi wa kompyuta, akaniletea mashine kuukuu na vijiti viwili vya kuongozea.

“Shemeji,” alisema akiunganisha nyaya juu ya meza ya kupigia pasi, “endesha hii. Haina trafiki, haina mizani, na dada yangu atapumua.”

Niliendesha. Nikishatia matone na mke akishatoka, naketi. Naruka, jua linajaa kioo chote, nalizunguka ninyonye mafuta kwenye miale yake, napima, naruka tena. Watu wanadhani safari ya namna hiyo ni maajabu kila dakika. Si kweli. Ni kama barabara ya jangwani: saa nyingi za kitu kilekile, mgongo unauma, chai inapoa, na ukishtuka umeruka mara arobaini na hukumbuki hata moja. Sayari nyingi ni mawe. Chache zina pete. Moja niliikuta ina barafu yenye rangi ya maziwa yaliyoingia chai, nikakaa nayo mchana mzima, sina wa kumwonyesha. Miezi ilipita hivyo. Nilifika ambako nyota ni za kuhesabika na nyuma yake ni giza tu, nikageuza.

Ajali niliipata njiani kurudi, na niliipata kwa udereva. Dereva yeyote wa zamani ana tabia moja ambayo matajiri wa malori wanaikataza: kwenye mteremko anatoa gia, anatia nyutro. Injini inapumzika, mzigo unajisukuma wenyewe, mafuta yanabaki. Niliikuta sayari kubwa nyekundu, nikataka kutua nipumzishe macho. Nikaona chombo kinashuka chenyewe vizuri. Mkono ukafanya ulichozoea, nikazima msaada wa injini, nikateremka nyutro.

Sayari ile ina uzito mara tatu ya hii tunayoikanyaga. Sikuipima kwanza. Nilipowasha injini ardhi ilikuwa imeshafika. Taa zote nyekundu, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, na ile namba: tisa.

Shemeji aliniambia kuna kikundi cha wachezaji wa kujitolea, kazi yao ni kufuata walioharibikiwa. Nikawaandikia. Siku ya pili akajibu mtu anayejiita Mama Gundi, na kwa bahati alizungumza lugha yetu. “Nimekuona ulipo,” aliandika. “Ee Mungu wangu, umeendaje huko kote? Usiondoke. Jumanne saa tatu asubuhi nitakuwa hapo.”

Nikajibu: “Nitakuwepo.”

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa na miadi ya kupasuliwa macho.

Hapo lazima nieleze kidogo. Presha yangu ilikuwa imeacha kuyasikia matone. Hospitali yetu haina daktari wa kupasua macho, yupo mmoja anayekuja baada ya miezi, anapasua siku moja, anaondoka. Orodha yake ilikuwa imejaa. Mke wangu alimbembeleza nesi wa macho wiki nzima, kila akipeleka mashuka anasimama mlangoni, mpaka nesi akasema, “Mama, mlete tu huyo mzee wako, nakuota sasa.” Jina langu likachomekwa.

Jumatatu shemeji alipita kuangalia feni ya mashine, nikamwambia yote mawili.

“Sasa shida iko wapi?” aliuliza. “Hiyo ni gemu. Chombo kinakungoja hata mwaka.”

“Na huyo mama anayekuja, naye ni gemu?”

“Mwambie aje Jumatano.”

“Mtu ameacha shughuli zake, ametoka huko kote kuja kunivuta, halafu mimi niliyekwama ndiye nimpangie saa? Mimi nani?”

“Wewe ni mgonjwa, shemeji. Mwandikie, ‘Mimi mgonjwa.’ Maneno mawili. Nikushikie kalamu?”

“Hujawahi kulala chini ya lori wewe.”

“Sijawahi, na namshukuru Mungu. Mwandikie.”

“Nimesikia. Nitamwandikia.”

Sikumwandikia. Fundi wa kompyuta hawezi kujua. Ukiharibikiwa njiani, kilomita mia hakuna nyumba, aliyesimama kukusaidia ni mfalme wako. Akisema ngoja hapa, unangoja hapo. Huendi kutafuta maji, huendi kujisaidia mbali. Nimewahi kukaa siku mbili kando ya gari namngoja mtu aliyesema narudi, na alirudi. Na nimewahi kurudi na spea mgongoni nikakuta gari halina mtu, mwenyewe amepanda basi. Dereva huyo jina lake lilikwisha barabara nzima. Kila kituo cha mafuta alichosimama walimgeuzia mgongo. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na ndiyo pekee niliyoishika maisha yangu yote bila kusukumwa.

Asubuhi ya Jumanne mke wangu alitoka mapema. Shati alikuwa amelinyoosha tangu jana yake, akalitundika juu ya mlango.

“Saa tatu, Dereva,” alisema. Ananiita hivyo tangu uchumba. “Siyo tatu na nusu. Mimi nitakuwa kwenye mashine, siwezi kutoka. Nesi anakujua.”

“Nimesikia.”

“Umesikia au umeitikia?”

“Nimesikia, mama.”

Nilivaa shati. Nikaketi. Nilipiga hesabu kwamba Mama Gundi akifika saa tatu kamili, akafanya kazi yake, nitakuwa hospitali saa nne, na madaktari wenyewe hawaanzi kwa wakati. Simu nikaiacha chumbani kitandani ili isinisumbue. Nikawasha taa za chombo ili anione kwa mbali, kama unavyoacha taa za hatari zinawaka.

Saa tatu hakuna mtu. Saa tatu na nusu hakuna mtu. Nilisikia simu ikitetemeka kwenye godoro, ikanyamaza, ikaanza tena. Ningeweza kunyanyuka. Kila nilipotaka kunyanyuka nilimwona anafika, anazunguka chombo, anaita, kimya.

Karibu saa nne ilitokea nukta juu ya ile sayari nyekundu, ikawa taa, ikawa chombo kikubwa kibaya kilichopakwa rangi ya njano, na sauti ya mwanamke ikaingia sikioni.

“Hodi jamani. Yuko wapi mgonjwa?”

“Karibu sana. Nipo hapa chini.”

“Nakuona. Maskini, umebonyea kama sufuria ya shule. Nani alikutuma kushuka hivyo?”

“Nilitia nyutro.”

Kicheko kirefu. “Dereva! Nilijua tu. Marubani wa mezani hawaangukagi hivyo.”

Alitoa vijiroboti vyake, vidogo kama nyuki, vikaanza kuziba nyufa kimoja kimoja. Ni kazi ya polepole. Kumi na mbili. Kumi na tano. Tukaongea. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, mume hana, mtoto ameolewa. Alisema amewafuata watu wengi lakini mbali namna hii ni mara ya kwanza, imembidi asafiri siku nne.

“Usinishukuru sana,” alisema, “nami nilichelewa. Jirani aliomba nimpeleke sokoni, nikasema huyu aliyekwama atangoja, haendi popote. Sikukukosesha kitu?”

“Nilikuwa na miadi hospitali.”

“Ya lini?”

“Ya sasa hivi. Macho.”

Vijiroboti vikaendelea.

“Baba,” alisema, “si ungeniambia? Mimi niko likizo wiki nzima. Kesho ningekuja, keshokutwa ningekuja. Hata ungesema mwezi ujao ningesema sawa. Mbona hukusema?”

Nikamwambia, “Ulikuwa unakuja kunisaidia.”

“Haya. Nenda basi! Zima hiyo kitu uende!”

Bodi ilikuwa asilimia sitini. Nikazima, nikakimbia na shati langu lililonyooshwa.

Nilifika saa sita. Nesi wa macho aliniangalia kama anaangalia shuka lililorudi na doa lilelile. Daktari alikuwa na mgonjwa wake wa mwisho mezani, na saa nane gari lilikuwa linamchukua. Nafasi yangu alipewa mwanamke aliyekuja bila miadi na kukaa kwenye benchi kujaribu bahati.

Mke wangu nilimkuta nje ya chumba cha kufulia, mikono imelowa hadi viwiko.

“Nimesimama mbele ya yule nesi nikasema yuko njiani,” alisema. “Mara tatu. Ya tatu sikuweza hata kumtazama. Ulikuwa wapi?”

Nikamwambia. Yote, pamoja na jina.

“Mama nani?”

“Mama Gundi.”

“Anakaa wapi huyo?”

“Sijui. Nchi nyingine.”

Alijifuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Ingekuwa mwanamke wa mtaani ningejua pa kwenda kugombana,” alisema. “Sasa nikagombane na nini? Na nyota?” Akarudi ndani. Mashine zilikuwa zinanguruma, zina joto, na hakuna mtu wa kumshikia zamu.

Jioni hiyo aliniwekea chakula, akaingia kulala. Nilitia matone yangu.

Chombo nilikirudisha. Ilichukua wiki nyingi, nikipima kila jua kabla ya kulisogelea, nikitua kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Siku niliyofika kituoni shemeji alikuja kushuhudia. Nikabonyeza, vipimo vikaingia, akafungua ramani na kunionyesha. Jina langu lilikuwepo. Akauliza, “Unaliona, shemeji?” Nikamwambia alikuze kidogo. Akalikuza. Akalikuza tena, na safari hiyo hakutania.

Daktari wa kupasua alirudi baada ya miezi mitano. Mke wangu alichukua siku yake ya mapumziko, akanishika mkono kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye kiti cha daktari. Kabla ya kupasua wanakupima. Unaweka kidevu kwenye kitu kama bakuli jeupe, unafumba jicho moja, unashika kitufe. Ndani ya bakuli vinawaka vimwanga vidogo, kimoja hapa, kimoja kule, na ukikiona unabonyeza. Daktari aliweka majibu mapya kando ya yale ya mwanzo, akanisomea. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alisema utashikilia kilichobaki, na kwamba kilichokwisha kwenda kimekwenda.

Kwa hiyo iko hivi. Nyota nilizorudi nazo ni mia sita na kitu, na zenye jina langu ni arobaini na mbili. Vimwanga vya kwenye bakuli ni hamsini na vinne kwa kila jicho. Kabla ya Jumanne ile jicho la kushoto lilikuwa linaona thelathini na tisa, sasa linaona kumi na saba. La kulia lilikuwa linaona arobaini na vinne, sasa linaona thelathini na kimoja. Kushoto vimepotea ishirini na viwili. Kulia kumi na vitatu. Jumla ni thelathini na vitano, kwa nyota arobaini na mbili.