Kicheko cha Kitanda cha Dirishani

Jumanne moja ya Agosti 1956, saa mbili asubuhi, katika wodi ya wanaume mjini Mbeya, mgonjwa wa kitanda cha dirishani alicheka. Mdomo ulicheka na mabega yalicheka. Macho hayakucheka. Yalimkazia Asukile, dresa aliyewafunga wagonjwa vidonda, kama macho ya mtu anayezama.

Kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza. Mgonjwa akajifuta mate kwa shuka.

"Kimekwisha," alisema. "Nisamehe, bwana dresa."

"Umecheka nini, Bwana Kalinga?"

"Sijacheka mimi."

Edmund Kalinga alikuwa Mhehe wa Kilolo, mpasua mbao katika msitu wa milima ya Poroto. Mwezi Juni gogo lilibingirika likamgonga kichwani. Kidonda kilipona. Kilipofunga ndipo kicheko kilipoanza, na sasa kilikuja kila siku bila kuitwa na neno wala jambo lolote. Yotamu, mgonjwa wa jirani, alikuwa amesogeza kitanda chake mpaka ukutani. "Mle ndani mwake kuna mtu mwingine," alisema, na wodi nzima ilimwamini.

Mkewe, Apolonia, aliyekuja kumwuguza, hakuogopa mtu wa ndani. Aliogopa lori. Alhamisi lingekuja kuchukua wagonjwa wa akili na kuwapeleka hospitali yao, mbali kupita Iringa. Mjomba wake alipakiwa hivyo hivyo, na nyumbani hawakumwona tena.

"Huyu alikuwa anachekesha mpaka msibani," alimwambia Asukile. "Watu walikuwa wanatuma mtu kumwita. Tangu gogo hilo hajatania hata mtoto. Ni ndiyo na hapana tu."

Edmund alisikia. "Mzaha ulikuwa unakuja wenyewe," alisema polepole. "Mtu akisema neno, naliona lina mlango wa nyuma. Sasa naona ukuta. Halafu kicheko kinakuja peke yake, kama mgeni anayeingia nyumba isiyo na watu."

Aliposema hivyo alijivutia shuka mpaka kidevuni. Asukile alimtazama, akaandika kwenye kadi ya mgonjwa: anajua hali yake, ana hofu.

Daktari alikuwa Mwingereza asiyependa kubahatisha. Alimweleza Asukile ofisini:

"Kucheka na kuona kichekesho ni kazi mbili za ubongo. Ukisikia mwanzo wa maneno, ubongo tayari umekwisha kujiwekea mwisho wake. Mzaha unaleta mwisho mwingine. Ubongo unashtuka, unatafuta, kisha unaona kwamba mwisho ule nao unafaa, na kwamba hakuna hatari. Hapo ndipo mtu anacheka."

"Na Kalinga?"

"Anacheka bila kupita njia hiyo. Huenda ni kifafa. Kipo cha namna hiyo, ni nadra, kinatoka kama kicheko. Kama ni hicho, atabaki hapa na dawa. Lakini kama akili yenyewe imeharibika, sina uwezo wa kumtibu, ataondoka na lori. Nataka kuona kama bado anaweza kuunda mzaha."

Jumatano walimpima. Daktari alisimulia habari ya mchungaji aliyesahau mwavuli wake kwenye treni, Asukile akatafsiri. Edmund alisikiliza mpaka mwisho kwa uangalifu mkubwa.

"Mwavuli aliupata?" aliuliza.

Daktari hakuandika kitu.

"Bwana Daktari," alisema Asukile, "hata mimi sijacheka."

"Nimeona. Basi mwambie abuni mwenyewe."

Asukile alimwambia. Apolonia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. Edmund alifungua mdomo. Jasho lilimtoka juu ya kovu. Alitazama dari, akatazama dirisha, akatafuta kichwani mwake kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, na badala ya neno kikatoka kicheko kile, kikavu na kirefu, huku macho yakimwomba mkewe msaada. Apolonia aligeuza uso. Yotamu alijifunika shuka gubigubi.

"Kesho lori likija," alisema daktari kwa sauti ya chini, "sitakuwa na sababu ya kumzuia."

Usiku ule Edmund hakula. Apolonia alisali rozari, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Alhamisi asubuhi lori lilisimama mbele ya wodi. Dereva, Silvester, Mngoni wa Songea, aliingia na kamba begani, kwa maana alikuwa ameambiwa anachukua kichaa. Apolonia aliiona kamba, akasimama kati yake na kitanda.

"Niko tayari kumshika mkono mwenyewe, kaka," alisema. "Usimfunge mume wangu."

Silvester alimsikiliza namna alivyotamka. Akachungulia nyuma yake.

"Kumbe mzigo wangu ni Wahehe!" alipaza sauti, akamwamkia Edmund kwa Kihehe kama ndugu. "Kamwene, mnyalukolo! Hii kamba naificha. Mhehe haachiwi kamba, atajinyonga nayo kabla hatujafika Chimala!"

Daktari, aliyekuwa mlangoni, aliuliza ni nini kimesemwa. Asukile akamtafsiria. Daktari akawa mwekundu, akapiga hatua mbele kumtoa dereva.

Asukile alimzuia kwa mkono. "Ngoja, bwana. Ni mtani wake. Wangoni na Wahehe walipigana zamani. Sasa wanatukanana tu, Mhehe mla mbwa, Mhehe wa kujinyonga, na kukasirika ni mwiko."

Edmund alikuwa amekaa wima. Uso ulikuwa mtupu.

"Ameshakuwa bubu," Silvester aliendelea. "Afadhali. Mbwa wote wa Iringa wataniombea baraka, wakijua nimempitisha Mhehe amefunga mdomo!"

Macho ndiyo yaliyoanza. Yalitoka kwenye uso wa dereva, yakaenda kwenye lori nje ya dirisha, yakarudi.

"Lori lako hilo lina panya?" aliuliza Edmund.

"Halina hata mmoja."

"Najua. Magari mengine yanafuga paka. Lako lina dereva Mngoni."

Silvester alipiga makofi, akainama kwa kucheka. Yotamu alicheka ndani ya shuka. Edmund naye alicheka, na safari hii macho yalicheka kabla ya mdomo. Asukile alitafsiri, daktari alichelewa kidogo, kisha akacheka.

Halafu macho ya Edmund yakakaza. Kicheko kiliendelea, kikawa kikavu, na hakuna aliyecheka pamoja naye tena. Silvester alirudi nyuma hatua moja. Apolonia alimshika mumewe mabega yote mawili, akamwita jina, akamwita tena. Hakuitika.

Kikakatika.

"Huyu wa mwisho si mimi," alisema Edmund, akihema. "Yule wa panya ndiye mimi."

Asukile alitafsiri neno kwa neno. Daktari alitoa karatasi ya safari mfukoni, akafuta jina kwa kalamu, akaagiza dawa ya kifafa ianze siku ile ile. Edmund alikunywa kidonge cha kwanza mbele yao.

Silvester alichukua kamba yake. "Nitapita tena, mla mbwa," alisema mlangoni.

"Pita. Nitakuwekea mkia wa panya."

Lori liliondoka kuelekea Iringa. Edmund Kalinga hakuwamo.