Wimbo wa Kumi wa Izumi

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, Kuramochi Izumi alikuwa amekwisha kuimba wimbo mmoja mara kumi na moja, na hakuna hata mara moja aliyosikia uchungu. Si kwamba alikuwa jasiri. Ndani yake hamkuwa na kitu tu. Aliimba kama mtu anayesoma majina ya vituo vya treni.

Ilikuwa albamu yake ya nne. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, tuni na maneno, tangu alipokuwa msichana wa miaka ishirini mwenye gitaa la kuazima. Tisa zilikuwa tayari. Huu wa kumi, "Kamba ya Nguo", ulikuwa wa mama yake, aliyefariki siku thelathini na sita zilizopita. Tuni aliipata mama akiwa bado hai. Maneno aliyaandika wiki moja baada ya msiba, kwa kikao kimoja, macho makavu.

Kampuni ya muziki ilikwisha kuwatangazia watu kwamba wimbo wa mama utakuwemo, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi. Lakini Izumi hakuihofia kampuni. Alihofia jambo moja: kumwimbia mama yake uongo, kisha uongo huo ubaki duniani miaka na miaka ukiwa na jina la mama.

Maana hata siku ya kuchoma mwili, ndugu walipokuwa, kwa desturi yao, wakiokota mifupa iliyobaki wawiliwawili kwa vijiti na kuitia katika chungu cha kuzikia, yeye alikuwa akiwaza kama amefunga dirisha la jikoni. Mama yake mdogo alimshika kiwiko muda wote asije akaanguka. Izumi alisimama imara kama nguzo, akaona aibu kwa kusimama vizuri namna ile.

"Tupumzike kidogo, dada," sauti ya Sekine ikamfikia kwenye visikizio. "Koo nalo lina haki zake."

Sekine alikuwa fundi wa sauti wa studio, mtu mnene mwenye maneno mengi. Nje mvua za mwezi wa sita zilikuwa hazikatiki na joto la unyevu lilikuwa limejaa kila chumba, lakini tangu asubuhi alikuwa amezima kiyoyozi kwa sababu aliona vidole vya Izumi vimepauka kwa baridi. Shati lilimganda mgongoni. Mezani palikuwa na matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, kutoka kwa mke wa Bwana Nagumo, prodyuza. Mke huyo alikuwa ameitoa kokwa kila plamu ya chumvi kabla ya kuitia ndani ya tonge, mwimbaji asije akavunja jino siku ya kazi. Izumi alikula mawili. Kama mtu angemuuliza amekula nini, angelazimika kutazama sahani.

Bwana Nagumo alikuwa ametoka kununua kahawa. Karatasi yake ilikuwa juu ya meza, na Izumi akaiinamia.

Ndivyo wanavyofanya kazi hii. Prodyuza huketi na maneno ya wimbo yakiwa yamepigwa mistari kama daftari la mahudhurio. Kila mwimbaji anapoimba, yeye huweka alama ya penseli chini ya kila kipande: duara kama ni kizuri, duara ndani ya duara kama ni kizuri sana, pembetatu kama ni cha wastani, kosa kama hakifai. Mwishoni fundi huchukua vipande vyenye duara kutoka kila safari, yaani kila mara wimbo ulipoimbwa, akaviunga vikawa wimbo mmoja. Nagumo alikuwa akifanya hivyo kwa miaka thelathini, na duara zake zilikuwa za shida. Kwenye albamu ya kwanza Izumi alijifungia chooni akalia kwa ajili ya pembetatu zake.

Sasa karatasi nzima ilikuwa duara tupu. Nyingine zilikuwa duara mbili.

"Sekine, hii ni ya wimbo gani?"

"Si huuhuu wa leo."

"Ni mimi huyu niliyewekewa alama hizi?"

"Dada, usinigombanishe na mzee. Mimi nabonyeza vitufe tu."

Nagumo akaingia, mwavuli ukichuruzika, makopo matatu ya kahawa kifuani. Alipoona karatasi mkononi mwa Izumi, akachukua muda mrefu kuliko kawaida kuusimamisha mwavuli pembeni.

"Bwana Nagumo, safari ya nne nilikohoa kwenye mstari wa pili. Umenipa duara."

"Kikohozi kidogo tu. Hakikuharibu."

"Leo mzee amefungua mkono," Sekine akasema. "Hata mimi nikipiga chafya napata duara mbili."

Hakuna aliyecheka. Sekine akayatazama magoti yake.

Nagumo akaketi, akavua miwani. "Siku arobaini na tisa za matanga hazijatimia," alisema taratibu. "Mifupa ya mama yako bado iko nyumbani kwako, hujaipeleka kaburini. Niliona mkono wangu hauwezi kumwekea kosa mtu wa namna hiyo."

Izumi alijua kwamba ni huruma. Aliiona vizuri, kama mtu anavyoiona zawadi dukani nyuma ya kioo.

"Mama alifundisha watoto kuandika kwa brashi," alisema. "Alisahihisha kwa wino mwekundu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Wiki ile kila mtu aliniletea peremende. Mimi nikaandika neno langu, nikampelekea mama, naye akalipiga mstari mwekundu. 'Mkono huu umelala,' akaniambia. 'Andika tena.' Kisha akakaa ubavuni kwangu mpaka nikamaliza."

"Mama mkali huyo," Sekine akanong'ona.

"Hakunidanganya. Bwana Nagumo, nakuomba. Naingia tena, uniwekee alama zangu."

Nagumo akavaa miwani. Akatoa karatasi safi, akachonga penseli.

Izumi akaimba mara ya kumi na mbili. Kupitia kioo cha chumba cha kuimbia aliona kichwa cha Nagumo kimeinama na penseli ikitembea bila kusita. Alipotoka, mzee alimpa karatasi kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, kama mtu anayekabidhi kitu cha thamani.

Kosa. Pembetatu. Kosa, kosa, pembetatu. Kulikuwa na duara moja tu, ubeti wa pili, kwenye maneno "vibanio vinne, shati moja la bluu".

"Hapa ulikuwa unaiona kamba," Nagumo alisema. "Kwingine kote ulikuwa unaniimbia huzuni uliyoisikia kwa watu wengine."

Izumi akasoma alama zote, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuumia. Alijisikia kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa saa iliyo kweli.

"Mimi naweza kuunga," Sekine akasema kwa upole. "Safari kumi na mbili, vipande ninavyo vingi. Msikilizaji hatajua."

"Mimi nitajua."

"Na kesho je?" Nagumo akauliza.

"Kesho nitakuwa hivihivi. Siujui huo mwezi ambao sitakuwa hivi." Akaiweka karatasi mezani. "Utoeni. Albamu iwe na nyimbo tisa."

Nagumo hakubishana. Akachukua simu, akapigia kampuni, na kama kawaida yake alikuwa akiuinamia ukuta kila aliposema samahani. "Kosa ni langu. Niliweka alama za uongo kutwa nzima, nikawapotezea siku. Hapana, mwimbaji hana hatia." Izumi akataka kumzuia. Sekine akatikisa kichwa.

"Mwache, dada. Huo mzigo anautaka mwenyewe."

Sauti ya upande wa pili ilifoka mpaka ikasikika chumbani. Nagumo akainama tena, mara tatu, kisha akakata simu.

"Wamekubali kwa shingo upande. Wanataka barua ya kuomba radhi."

"Nitaiandika mimi."

"Tutaiandika wawili. Mwandiko wangu mbaya, wa kwako ulifundishwa."

Baada ya hapo Sekine akazipanga nyimbo tisa kwa mfuatano, akazipiga zote, ili wapime kimya cha kuacha kati ya wimbo na wimbo. Hapa sekunde tatu, pale nne. Izumi alijibu alipoulizwa. Wa tisa ukaisha, pakafika mahali pa wa kumi. Sekine hakunyoosha mkono kuuzima mtambo, Nagumo hakugeuza karatasi, na spika zikabaki wazi bila kutoa kitu.

"Umechoka?" Nagumo akauliza.

"Sijui."

"Basi kaa tu. Hatuna haraka."

Akakaa.