Kilichokwamisha Feni ya Moshi

Mtaani walimwita Bisibisi. Alikuwa amefanya kazi ya fundi umeme kwa miaka ishirini, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, na Jumamosi hiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika. Lakini mdogo wake alikuwa amempigia simu mara tatu kabla hata hajanawa uso. Feni ya kufyonza moshi, ile ya ndani ya kofia ya bati juu ya jiko, ilikuwa imegoma.

"Dada, jana nimekaanga vitunguu, nyumba nzima imelia," mdogo mtu alimwambia mlangoni. "Hata Baba kule chumbani alikuwa anafuta machozi."

Baba yao, dereva wa malori mstaafu, alikuwa akiishi hapo tangu presha ilipomwangusha mwaka juzi. Walimkuta sebuleni na shati lake lililonyooshwa pasi, sikio kwenye redio.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na zana zako?"

"Nimekuja kuitazama hiyo feni."

"Achana nayo. Imeshazeeka hiyo, wanunue nyingine."

Bisibisi akacheka, akapita zake jikoni.

Alianza na swichi. Taa ya kofia ikawaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Alipobonyeza ya feni, mota ikaguna kama mtu anayejikakamua kunyanyua gunia, lakini hakuna kilichozunguka.

"Mota haijafa," alisema. "Mota iliyokufa hainung'uniki. Ama kapasita ya kuianzisha imechoka, ama kuna kitu kimeikaba."

Akazima swichi kuu, akapima waya kwa tesita kuhakikisha, kisha akapanda kwenye kigoda na kuchomoa chujio. Lilikuwa linanata mafuta. Akapenyeza vidole, akajaribu kulizungusha gurudumu la feni kwa mkono. Likasogea kidogo, likakwama. Basi haikuwa kapasita. Akalegeza skrubu nne, akachokonoa pembeni kwa bisibisi nyembamba, na kidonge cha karatasi laini ya chooni kikadondoka, kimelowa mafuta. Kikafuata cha pili. Cha tatu kilipasuka juu ya jiko, na ndani yake kikatoka kidonge kingine, cheupe, cha dawa, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa sufuria.

Mdogo wake alikiokota. Akakipeleka dirishani, akakigeuza upande huu na huu.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hiki ni cha Baba."

"Cha Baba kivipi?"

"Cha presha. Nampa mwenyewe kila asubuhi. Nasimama pale pale, namwona anaweka mdomoni, anakunywa maji, ndipo naenda kazini."

"Na ukishaondoka?"

"Anakuja jikoni kujichemshia chai."

Walitazamana. Bisibisi akazamisha mkono kwenye kofia mpaka kiwiko, akakomba. Vikaja kwa mafungu, vingine vimegandana, vingine vimekuwa uji. Alivimwaga kwenye sinia. Alipofika sitini aliacha kuhesabu, akashuka kwenye kigoda. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ametoa kwenye feni panya, viota, hata kijiko. Hiki hakikumwingia akilini. Karatasi za mafuta, futi mbili tu juu ya moto! Na chini yake, baba yao, akingoja maji yachemke.

Walimpelekea sinia sebuleni. Mzee alilitazama, akazima redio.

"Nilikuwa nachomoa chujio, nikidhani upepo unazitoa nje," alisema.



"Baba!" mdogo mtu alipasuka. "Si bora ungetupa kwenye pipa!"

"Pipa unalimwaga wewe. Ungeziona."

"Lakini kwa nini?" Bisibisi aliuliza. "Unataka kufa?"

Mzee alifuta goti lake ambalo halikuwa na vumbi.

"Dawa hizo zinanipeleka haja ndogo kila mara," alisema, akiwa ameinamia sakafu. "Wakwe zako walipokuja kututembelea miezi mitatu iliyopita, sikuwahi choo. Nikasema nimejimwagia maji."

Mdogo mtu aliziba mdomo kwa kiganja. Aliikumbuka siku hiyo. Yeye ndiye aliyemletea suruali nyingine, na mbele ya wazazi wa mumewe akamwambia, kwa utani, kwamba siku hizi hata bilauri inamshinda.

"Ningewaambiaje?" Mzee aliuliza. "Nyinyi ni binti zangu."

Hawakubishana tena. Walimpeleka kliniki saa hiyo hiyo. Muuguzi alipima presha, akakunja uso, akapima mkono wa pili, akaenda kuchukua mashine nyingine.

"Mzee, umefikaje hapa?" aliuliza, macho kwenye namba.

"Kwa teksi. Nilitaka kutembea, wamekataa."

"Mungu wangu," muuguzi alisema taratibu, akamwita daktari.

Daktari alimlaza siku tatu. Aliongea naye wakiwa peke yao, mlango umefungwa, na alipotoka aliwaambia mabinti kwamba dawa za presha ziko za aina nyingi, nyingine hazina usumbufu huo kabisa. Angejua mapema, angebadilisha siku nyingi.

Jioni hiyo Bisibisi alirudi jikoni kwa mdogo wake, akaosha kofia, chujio na gurudumu kwa maji moto na sabuni mara tatu, akavikausha, akafunga kila kitu. Aliporudisha umeme feni ilizunguka bila kuguna. Mdogo wake hakushangilia. Alikuwa ameegemea friji.

"Miezi mitatu, dada. Nasimama pale pale, namwangalia."

Bisibisi alimshika bega, wakasikiliza feni ikivuma.

Mzee alirudi siku ya nne. Asubuhi iliyofuata Bisibisi alikuwapo. Mdogo wake aliweka mezani bilauri ya maji na kidonge kipya, cha njano. Baba alimeza, akanywa maji yote, halafu, bila kuambiwa, akafungua mdomo wazi na kuinua ulimi kama mwanafunzi mbele ya daktari wa meno.

"Funga mdomo, Baba," mdogo mtu alisema. "Sikukuomba."

Akatoka haraka kwenda ua wa nyuma, akifuta machozi, na Bisibisi akamfuata.