Kioo Alichokigeuza Mkwe Wangu

Mimi Susana nina mdomo, na soko lote la Kosele linajua. Nauza omena, yaani dagaa, na mteja akithubutu kusema zina mchanga ataondoka na maneno ya kumtosha wiki nzima. Lakini kuna mtu mmoja ambaye mbele yake mdomo huu hufungwa, naye ni Ken, mume wa binti yangu Terry. Kwetu Wajaluo, mama mkwe, yaani maro, na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatuli pamoja, hatugusani, hatutazamani usoni. Nikiwa na neno la kumwambia Ken nampa Terry, na Ken akiwa na neno langu anampa Terry, hata kama tumeketi nyumba moja na tunasikiana vizuri.

Asubuhi ile Terry hakuweza kupitisha neno la mtu. Alikuwa hospitalini Migori, amejifungua mtoto wa kike kwa kupasuliwa, na damu ilimtoka vibaya. Alinipigia simu kwa sauti iliyopungua sana, akasema nije, Ken anatoka sasa hivi kunichukua. Nilifunga duka nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Ken alikuja na gari la utafiti. Yeye ni dereva, na mwaka huu watu wa chuo kikuu fulani waliwachagua madereva wa Homa Bay na Migori, wakawapa magari yanayojiendesha yenyewe yakiwa kwenye lami. Mimi nilishasema kuwa huo ni wazimu. Msichana wao mmoja, Mulki, ambaye baba yake ana duka la nguo Migori, aliwahi kunieleza taratibu sebuleni kwa Terry. Alisema gari lenyewe wanalijua, wasiyemjua ni mtu. Wanataka kuona dereva anafanya nini akishapokonywa kazi yake: ataendelea kuangalia njia, au atazubaa, na akiambiwa ghafla ashike usukani, atauwahi?

Ndiyo maana walifunga kamera ndogo juu ya kioo cha ndani, inayoangalia macho ya dereva. Dereva akiangalia njia, gari linakwenda kimya. Akifumba macho, linapiga kelele mpaka ashike usukani. Na Mulki alikazia jambo moja: gari hili ni hodari kufuata gari linalotembea, lakini kitu kilichosimama barabarani linaweza kukikosa, hivyo macho ya mtu lazima yawepo. Madereva waliambiwa waishi na magari hayo kama yao, wabebe watu wao, waende safari zao.

Basi nikapanda nyuma, upande wa kushoto, ili nisiwe karibu na mgongo wake. Ken alinisalimu akiangalia usukani. Macho yake sikuyaona, ila nilijua alikesha na Terry usiku kucha na kisha akaja kunichukua bila hata kuoga. Kabla hatujaondoka aliinua mkono akakigeuza kile kioo cha ndani, kikazunguka na vyote vilivyofungwa juu yake, ili sura yangu isimkalie machoni safari nzima. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikasema, kumbe kijana alifunzwa kwao.

Tulipita Homa Bay tukashika barabara ya Rongo. Hapo Ken alibonyeza kitu, akaondoa mikono kwenye usukani, akailaza mapajani. Usukani ukaanza kujizungusha wenyewe kidogo kidogo. Wacha nikuambie, nilikaza macho kwenye lami kama vile mimi ndiye ninayeendesha. Ng'ombe wakikaribia, ninashika kiti. Bodaboda ikichomoka, ninabonyeza sakafu kwa mguu, ati breki. Sikupepesa.

Na huku nikiogopa gari linakwenda mbio, nikaogopa pia kwamba linachelewa. Niliipiga simu ya Terry, ikalia mpaka ikakatika. Nikaipiga tena. Damu ya mzazi si jambo la mchezo, nimeona wanawake wangapi wakienda hivyo hivyo, wakiongea asubuhi na mchana wamefunikwa shuka.

Tulipopita Rongo na mashamba ya miwa yakaanza, nilishindwa kuvumilia. Nilikohoa. Kwetu kikohozi kinatosha, mkwe mwenye adabu anaelewa kuwa maro ana neno. Ken hakujibu. Nikakohoa tena, kisha nikageukia dirisha na kusema kwa upole, "Baba mtoto, daktari alisemaje?"

Kofia yake haikutikisika.

Mwanzo nilidhani ni heshima. Halafu wazo jingine likaingia, na lilipoingia halikutoka tena. Nilijiambia Terry amekufa. Amekufa Ken akiwa njiani kunijia, wamempigia, na sasa ananibeba kama anavyobebwa mama wa marehemu, haambiwi kitu mpaka afike kwenye mwili. Ndiyo maana hashiki simu. Ndiyo maana huyu hafungui mdomo. Nikaogopa kumuuliza tena, kwa sababu nikimuuliza angenijibu. Nikazidi kukodoa macho kwenye barabara, maana nikiyapumzisha tu naliona jeneza.

Ndipo nikayaona majani. Matawi mabichi yamelazwa juu ya lami upande wetu, moja, halafu jingine mbele kidogo. Hakuna mtu huku asiyeijua alama hiyo: kuna gari limekwama mbele, punguza mwendo. Nilingoja gari lipunguze. Halikupunguza. Niliyasikia matawi yakikwaruza chini ya miguu yangu, na sisi tunakwenda vilevile.

Tulipomaliza kakilima, nikaliona. Trekta la miwa, na tela lake limejaa mpaka juu, limesimama upande wetu kabisa, halina mtu. Nilitazama mikono ya Ken. Ilikuwa bado mapajani. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu, nilinyoosha shingo nikamtazama mkwe wangu usoni. Kinywa kilikuwa wazi, mate yametoka mpaka kidevuni. Amelala.

Ule mdomo wangu wa Kosele ulikwenda wapi, sijui. Nilinyoosha mkono nimshike bega, na mkono ukasimama hewani karibu na shati lake. Miaka yote niliyoishi nikijua kuwa haguswi ilikuwa imeushika. Tela lilikuwa linakuja, naona hata kamba za miwa. Nikamwita Mungu ndani yangu, "Nyasaye," nikafumba macho nisione.

Gari likapiga kelele. Sauti kali ya mwanamke ikasema, "Angalia njia! Shika usukani!" na kengele ikalia humo ndani mpaka meno yakaniuma. Nilisikia Ken akishtuka, kisha nikarushwa mlangoni, na miwa ikakwaruza dirisha langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulipopita upande wa pili na kusimama kwenye nyasi, Mungu alikuwa amezuia magari ya kuja.

Ken alishika usukani kwa mikono miwili, ati sasa. Mimi sikuuliza habari ya gari.

"Terry yuko hai?" nilimuuliza.

Aligeuka mzimamzima akanitazama, amesahau adabu yote. "Yuko hai, Mama. Nilimwacha akinywa uji. Simu yake niliondoka nayo, nimeisahau mfukoni ikiwa imezimwa sauti."

Nikalia papo hapo, kwa hasira na kwa furaha, sikujua ipi imetangulia.

Ken aliendesha kwa mikono yake mpaka Migori. Nikamkuta Terry amekaa kitandani, mweupe midomoni lakini mzima, na mjukuu wangu ananyonya. Nilisimulia wodi nzima jinsi nilivyofumba macho nikamwita Mungu na gari likajibu, na akina mama wakaitikia amina. Ken naye aliwaambia watu wake kwamba mtambo ulimwamsha dakika ya mwisho. Kila mtu aliridhika.

Mulki hakuridhika. Alikuja na kompyuta yake, akaniomba tukae kwenye benchi nje ya wodi. Ken alisimama mwisho wa veranda, ametupa mgongo, kama mkwe anavyopaswa. Mulki alifungua picha za safari, na niliyemwona humo si Ken. Ni mimi. Uso wangu umejaa kote, macho yametoka kama ya samaki kwenye beseni, na chini yake maandishi ya kijani: dereva anaangalia njia.

Alinieleza polepole. Ken alipogeuza kioo, kamera iligeuka nacho ikanielekea mimi. Ken alisinzia tangu kabla ya Rongo. Gari lilitafuta macho ya dereva, likayapata yangu, nayo yalikuwa wazi, hayapepesi. Kadiri nilivyoogopa ndivyo lilivyoamini kuwa mambo ni sawa, likamwacha alale. Nilipoyafumba, ndipo likajua kuna hatari.

Kisha akauliza, bila kunilaumu, "Mama, kwani hukumwona amelala?"

Nilimtazama Ken pale mwisho wa veranda. Mgongo wake ulikuwa umeinama kwa uchovu. Nilikuwa na majibu mengi ya mila na heshima, na yote ni ya kweli, lakini niliyaacha. Nilimwambia Mulki sikumtazama.

Wale watu wa chuo walilichukua gari lao. Terry aliporuhusiwa kutoka, Ken aliazima gari la kawaida la ndugu yake. Tulimlaza Terry kiti cha nyuma, nikakaa kando yake na mtoto mapajani. Ken aliingia, akafunga mkanda, akasalimu usukani. Halafu, kama alivyofunzwa kwao, mkono wake ukapanda kwenye kile kioo cha ndani.

"Kiache, Ken," nikasema.

Terry alinikodolea macho. Jina la Ken sikuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe, wala Terry hakuwahi kunisikia nikimpa Ken neno moja kwa moja. Mkono wa Ken ulibaki pale juu, haujui uende wapi.

"Kiache hivyo hivyo," nikarudia. "Nataka nikuone macho."

Mkono ukashuka taratibu. Kwenye kioo nikayaona, mekundu, yenye aibu, yakinitazama mimi na mtoto. Sikuyakwepa, naye hakuyakwepa yangu.

"Haya," nikamwambia, "sasa endesha."