Sauti Nisiyopaswa Kuisikia

Niliisikia.

Ilinijia sikio la kushoto, nyembamba kama uzi unaopenya tundu la sindano, mara tatu, kisha ikakatika. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kupimia masikio, hedifoni kichwani, mkono juu ya mashine. Mtu mwingine angetia alama ya vema kwenye daftari akaendelea na siku yake. Mimi nilibaki nimekodoa macho, kwa sababu sikio lile halikuwahi kuisikia sauti ile kwa kiwango kile tangu nilipougua nikiwa na miaka minne.

Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga, na sitalificha: nimepona.

Nikavua hedifoni. Nikaziba sikio la kulia kwa kidole, nikasugua vidole vya mkono wa pili karibu na la kushoto, vile tunavyowafanyia watoto wachanga. Patupu. Nikatoka koridoni, kidole bado sikioni, kwenye lile sinki ambalo bomba lake halifungi vizuri. Matone niliyaona yakianguka moja moja. Sikuyasikia. Nikarudi, nikavaa, nikabonyeza. Ile hapo tena, safi kabisa.

Hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia. Kama si mimi niliyepona, basi mashine ndiyo inayougua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Darasa la saba ndiyo elimu yangu yote. Mama alikuwa mfuaji wa shuka katika hospitali ile, na ndiye aliyeniletea fomu ya mafunzo ya wasaidizi wa kupima masikio, miezi tisa, ameificha kifuani isilowe. Walitaka mtu anayejua kusoma na kuandika, mwenye subira na watoto, na mwenye masikio mazima. Nilipofika penye swali kama nina tatizo la kusikia, kalamu ikasita. Mama, ambaye miaka yote alitembea upande wangu wa kulia, aliniinamia upande huohuo.

"Andika hapana," alisema. "Moja linatosha. Wangapi wana mawili na hawasikii la mtu?"

Nikaandika hapana. Hakuna aliyetupima, walituamini.

Miezi sita niliishi ndani ya neno hilo moja. Kila asubuhi, kabla mtoto wa kwanza hajaingia, mmoja wetu alipaswa kuvaa hedifoni na kuzisikiliza sauti zote za mashine, kuanzia ile nzito tuliyoiita ng'ombe hadi ile kali tuliyoiita ndege. Zamu yangu ilipofika, sikio la kulia nililisikiliza kwa haki. La kushoto, nilipofika kwa ndege, nilikaa na kimya changu kwa muda ambao mtu mwenye masikio mazima angekaa, kisha nikatia vema. Siku moja wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilijifungia nikajipima mwenyewe. Ndege alinifikia sauti ilipopandishwa hadi sitini. Mwenye sikio zima humpata kwenye kumi, au hata chini yake. Nilichora mstari wangu kwenye karatasi, nikauona ukiporomoka pale mwishoni, nikaichana vipande vidogo vidogo hadi vidole vikauma.

Na sasa nilikuwa nimemsikia kwenye thelathini. Mashine ilisema thelathini huku ikitoa sitini.

Mashine ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi siku ya Jumanne. Siku hiyo na iliyofuata zamu ya kuisikiliza ilikuwa ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu mwenye umri wa mama zetu na maneno ya watu watatu.

"Fundi kaipa pumzi mpya," alitutangazia. "Inaimba kama iliyokula ikashiba."

Kwake ilikuwa habari njema. Masikio yake yalisikia kila kitu, kwa hiyo sauti ikizidi, aliona imekuwa nzuri zaidi. Nani angemlaumu?

Watoto kumi na mmoja walipimwa siku hizo mbili. Mmoja nilimpima mimi, Jumatano, binti wa miaka mitano mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Tulicheza naye mchezo wetu wa kila siku: ukisikia sauti, tia kijiti kwenye kopo. Alitia vyote. Nikamwambia mama yake, tena kwa kujiamini kama daktari, "Mzima kabisa, mama. Hana kitu."

Nilichungulia kwenye kioo cha mlango. Watoto wa Alhamisi walishaanza kujaa kwenye benchi, wanabembeza miguu.

Kwanza nilijaribu njia ya pembeni. Mwalimu wetu, tuliyemwita Bwana Kimya kwa kuwa neno hilo alilitoa mara mia kwa siku, alikuwa ofisini anapanga mafaili.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile mashine ya chumba cha kwanza, naona kama haiko sawa."

"Marahaba. Haiko sawa vipi?"

"Sijui. Sauti yake."

Akaja. Akavaa, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, kichwa kimeinama. Akavua.

"Haina tatizo. Una mtihani wiki ijayo, binti, woga ndio huo unakuchezea. Ingiza mtoto wa kwanza."

Akashika kitasa cha mlango. Ningeweza kumwacha aende. Hakuna ambaye angejua, si yeye, si Shangazi, wala wale akina mama pale nje ambao wangeambiwa wanachotamani kuambiwa na kuondoka wanashukuru. Nilisikia jasho likinitoka nyuma ya magoti, mahali ambapo sikujua kama panatoka jasho.

"Mwalimu. Hiyo sauti mimi huwa siisikii."

Akageuka. "Ipi?"

"Ndege. Sikio la kushoto. Huwa nampata kwenye sitini. Leo nimempata kwenye thelathini."

Nilikuwa natazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na kamba nyeusi na kingine ya kahawia.

"Tangu lini humsikii?"

"Tangu utotoni. Niliugua."

"Na fomu?"

"Niliandika uongo."

Alitoka akawaambia wazazi wasubiri, akarudi na mashine ya chumba cha pili ameikumbatia, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Akanipima kwa hiyo: sitini. Akanipima kwa ile ya fundi: thelathini. Akarudia yote tangu mwanzo. Mara ya tatu nikaona anaandika namba, anaikata, anaiandika tena, na hapo hofu yangu ikaongezeka maradufu, maana sikuwa nimewahi kufikiria kwamba naye anaweza kuogopa.

"Wangapi tangu Jumanne?"

"Kumi na mmoja."

Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Watarudishwa wote," alisema. "Na lako nitaliandikia ripoti. Siwezi kulifunika."

"Najua, Mwalimu."

"Barua ya wakubwa ikija, imekuja. Mpaka hapo kazi ipo. Nenda kamlete wa kwanza, tutumie hii ya pili."

Mchana nilimfuata mama kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa anakunja shuka, nami nikashika ncha za upande wa pili kama tulivyozoea, tukawa tunakutana na kuachana huku nikimweleza.

"Umejichongea," alisema. "Kwa mdomo wako mwenyewe. Miezi mitatu tu ilibaki."

"Kuna mtoto nilimwambia mama yake ni mzima."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano."

Mama alisimama na shuka mkononi. Tuliimaliza shuka ile, tukachukua nyingine, na nyingine, na hakunitazama tena hadi kengele ya kurudi kazini ilipolia.

Barua ilikuja baada ya wiki saba. Niliruhusiwa kubaki, kwa onyo la maandishi, na kwa sharti kwamba masikio yangu yapimwe kila miezi mitatu na mstari wangu uwekwe kwenye faili ambalo yeyote anaweza kulifungua. Lakini Jumatatu ile, yule binti alipoletwa tena, nilikuwa sijui lolote kuhusu barua. Nilijua tu kwamba benchi ni refu na mama yake amekaa mwisho wake, mkoba mapajani.

"Nyinyi watu mna masihara," aliniambia kabla sijamsalimu. "Jumatano mzima, leo arudi."

"Mashine ilikuwa mbovu, mama. Tunaomba radhi."

"Mbovu." Alilitafuna neno hilo. "Mimi nimefika nyumbani nikamwambia baba yake, mtoto anasikia, hospitali wamethibitisha. Basi tukajua ni kiburi. Jumamosi kaitwa mara tatu hakuitika. Kachapwa kwa kiburi."

Binti alikuwa anachezea zipu ya mkoba wa mama yake, anaifungua, anaifunga. Hakuinua kichwa.

"Aliyesema mzima ni nani?"

Ningeweza kusema mashine.

"Ni mimi, mama."

Alinitazama muda mrefu, kuanzia kichwani hadi kwenye kitambulisho changu cha mafunzo, akarudi usoni.

"Haya. Mpime. Safari hii usinipe maneno matamu."

Mwalimu alikaa na mashine upande wa pili wa kioo. Mimi nilikaa mbele ya mtoto, kopo katikati yetu. Ng'ombe alipolia, kijiti kikaanguka. Kikaanguka cha pili, cha tatu, na pengo lake likaonekana kwa kucheka. Kisha sauti zikapanda, na vijiti vikaanza kuchelewa.

Ndipo akaanza kunitazama. Si kopo, mimi: nyusi zangu, mdomo, pumzi. Nilimfahamu pale pale. Mimi mwenyewe nilimaliza shule nzima hivyo, nikisoma uso wa mwalimu kabla ya ubao, nikicheka wenzangu wanapocheka. Alikuwa anangoja nimpe ishara ndogo tu, na alikuwa hodari. Ningepepesa jicho, kijiti kingeanguka, na mama yake angeondoka na furaha yake.

Kwa jicho la pembeni niliuona mkono wa Mwalimu ukibonyeza.

Niliinamisha uso nikatazama kopo. Kijiti kilibaki hewani kati ya vidole vyake viwili. Nyuma ya kioo mkono ukaongeza sauti, ukabonyeza tena, ukaongeza, ukabonyeza. Tukangoja, yeye na mimi.