Kalamu Nyekundu ya Profesa Futa

Profesa aliingia studio bila hodi, akavitua mezani vichupa viwili kwa kishindo mbele ya mchoraji.

"Kipi cha macho, kipi cha masikio? Haraka!"

Mchoraji, mwanafunzi wake wa zamani, aliinuka akitabasamu. "Shikamoo Mwalimu! Karibu kiti."

"Kiti kalia mwenyewe. Nimekuuliza swali."

Vichupa vyote viwili vilikuwa vyeupe pepepe, maandishi yake ya kijivu, membamba kama uzi. Mchoraji alivisogeza puani, akavipeleka dirishani. Na ndiye aliyevisanifu! Profesa alimhesabia sekunde kwa sauti. Alifika tisa.

"Hiki... cha macho."

"Dada yangu hana macho yako. Jana asubuhi kajitia dawa ya masikio jichoni. Limevimba, haoni kitu. Daktari anasema tungoje wiki mbili ndipo tujue kama litapona au ndiyo basi tena."

Dada huyo ndiye aliyemlea Profesa, na penseli yake ya kwanza ya rangi alimnunulia yeye. Njia nzima Profesa alikuwa akiyapanga maneno ya kumvua mtu nguo, na sasa aliyamwaga bila kubakiza.

"Nani alikufundisha kazi hii, eh? Nani alikwambia mgonjwa anataka urembo?"

Mchoraji alitazama ukutani, kisha akainamisha kichwa.

Ukutani, ndani ya fremu, palikuwa na zoezi la mwaka wa pili: lebo ya dawa ya kikohozi. Utepe mwekundu mpana, herufi nene, picha ya kifua. Hata nusu kipofu angeielewa. Juu yake kalamu nyekundu ilikuwa imepita kwa hasira: Futa rangi. Futa picha. Punguza herufi. Hiki ni kibao cha sokoni? Alama nne kwa ishirini. Chini, sahihi ya Profesa mwenyewe. Chuo kizima kilimwita Profesa Futa, na jina hilo alilipenda kuliko vyeti vyake.

"Nilirudia mwaka kwa hiyo," mchoraji alisema polepole. "Nikaitundika isije ikanitokea tena."

Hasira ya Profesa haikuisha. Ilikosa pa kwenda, ikamrudia. Alitaka kuuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake hakubisha, kisha akawakumbuka waliothubutu kumbishia darasani na alivyowafanya kichekesho mbele ya wenzao. Miaka ishirini na minane ya kufuta. Alianza kuhesabu wanafunzi wake waliokwenda kuchora lebo za dawa, akaacha.

Simu ililia. Dada.

"Mdogo wangu, umempata huyo mchora vichupa?"

"Nimempata."

"Umempasha?"

"Wako wawili, dada. Mwingine ni mimi."

Dada akaja juu kama enzi za utoto wao. "Basi mvirekebishe leo leo! Mnataka nani tena ajitie?"

Akakata simu.

"Mpigie mwenye dawa," Profesa alisema. "Asiuze hata kichupa kimoja zaidi."

Mchoraji alipokuwa akitafuta namba, mwalimu wake aliiteremsha fremu, akaitoa ile karatasi na kuilaza mezani.

"Ukimaliza, tunaanza na hii."